Nadhiri Yenye Mizinga

Elvire aliijua meli kabla ya kuijua bahari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa masista huko Bukavu, na adhabu ya darasa lao haikuwa fimbo. Mtoto aliyechelewa, au aliyecheka wakati wa sala, alipewa kamusi kubwa ya Kifaransa, akafunguliwa ukurasa wa picha, akaambiwa akariri. Sista wa darasa la Elvire alipenda ukurasa mmoja tu: manowari ya tanga ya Wafaransa, imechorwa ubavu, kila kamba na kila mti wake umetiwa namba, na majina yamepangwa chini. Elvire alikuwa mtoto wa kucheka, basi alikariri sana. Alipomaliza shule aliweza kutaja milingoti, foromali zinazobeba matanga, kamba za kupandisha na za kushusha, kuanzia omo, mbele ya chombo, mpaka tezi, nyuma yake, na hakuwa ameona chombo kikubwa kuliko boti ya kwenda Goma.

Adhabu huwaachia wengi chuki. Yeye ilimwachia mali. Vita vilipomtoa Bukavu, nyumba ilibaki, cherahani ilibaki, picha za harusi zilibaki, lakini majina yale alikuwa nayo kichwani, na hakuna askari wa kizuizi cha barabarani aliyeweza kumpekua akayachukua.

Leo ana miaka hamsini na minne, anaishi Jordbro, kusini mwa Stockholm, na anafanya kazi katika karakana moja ya eneo la viwanda la hapo hapo. Anashona maturubai ya malori, na zaidi ya kufunikia boti za watu wa mji huu, ambao kila vuli huzitoa majini na kuzivisha kama watoto wanaopelekwa shule siku ya baridi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia neno. Simwandiki kwa kuwa ni mtu mwema. Watu wema ni wengi katika ushirika wetu, na wengi wao nisingewapotezea wino. Namwandika kwa sababu alikataa jambo dogo ambalo karibu wote tungelikubali, tena tukajisifu kwa busara.

Jambo lenyewe lilianza na nadhiri. Elvire alipofika nchi hii alikuwa mjamzito na peke yake, na mtoto akazaliwa wa miezi saba. Wakamweka katika kisanduku cha kioo chenye mipira na taa. Mama akakaa kwenye kiti kando yake akitazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka, na akasema na Mungu kwa Kiswahili, maana Kifaransa alikiona ni cha shule na Kiswidi alikuwa bado hajakijua. Alisema hivi: mtoto huyu akiishi, nitakuletea kitu cha mikono yangu, kizima, bila kilema. Mtoto akaishi. Ndiye Ella, ambaye sasa anasomea uuguzi na anamwona mama yake kuwa mtu mgumu kuliko lazima. Nadhiri ilikaa zaidi ya miaka kumi na mitano bila kutimizwa, si kwa kusahauliwa. Elvire hakuwa amejua alete nini.

Ushirika wetu wa Waswahili hukutana Jumapili mchana, katika kanisa la Waswidi huku Haninge, wenyewe wakishamaliza ibada yao ya asubuhi. Tupo Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo na Warundi. Wengine wanatoka Jakobsberg kwa treni, wanaukata mji mzima, wengine Tensta kwa kubadilisha njia. Tunaimba kitabu kimoja na kubishania matamshi yake. Katika dari ya kanisa hilo, juu ya njia ya katikati, kulikuwa na ndoana ya chuma isiyoning'iniza kitu. Jumapili moja Elvire alimuuliza Mikael, Mswidi anayetunza kanisa, ndoana ile ni ya nini. Mikael alimweleza kwamba zamani katika nchi hii mabaharia walioponea dhoruba, au wajane wao, walitoa meli ndogo ya kuchonga iwe shukrani, ikatundikwa kanisani omo ukielekea madhabahu. Yao ilikuwapo hapo muda mrefu mpaka wadudu wa mbao walipoimaliza.

Siku ile mahubiri yote Elvire aliyasikiliza akitazama dari.

Mwaka huo ushirika ulikuwa unatafuta zawadi ya kuwapa wenyeji wetu kwa kutuazima nyumba yao. Palitajwa saa ya ukutani, palitajwa kitambaa cha madhabahu. Elvire akasimama, akasema atatengeneza meli ya kutundika pale. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza ni meli gani. Kila mmoja alikuwa ameshaiona ya kwake: Waganda waliona feri ya Ziwa Viktoria, Warundi ile ya abiria ya Tanganyika, mwenyekiti wetu Anthony, ambaye ni Mkenya, aliona safina ya Nuhu na twiga akichungulia, na Pasta Dafrosa, mwenyeji wa Bukoba, aliona mashua ya Petro na nyavu zake. Kwa miaka minne kila mtu aliisubiri meli yake.

Elvire alikuwa akijenga ile ya kamusi.

Aliijenga jikoni, kwa mti wa mpeasi uliokatwa katika bustani ya tajiri wake. Alianza na mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, akapandisha mataruma moja moja kama mbavu za samaki, kisha akaweka mbao nyembamba juu yake, kila ubao umechemshwa kidogo ili ukubali kupinda. Maktaba ilimwagizia vitabu vya Kifaransa vyenye ramani za meli. Ukimtembelea wakati huo ulipewa chai pamoja na historia ya jeshi la majini la Ufaransa. Alikueleza kwamba hii ni frigeti, manowari yenye safu moja tu ya mizinga chini ya sitaha, nyepesi, yenye mbio, inayotumwa mbele kuwa macho ya meli kubwa. Alikueleza habari za yule waziri wa mfalme aliyeanzisha viwanda vya meli, akapanda na misitu ya mialoni kwa ajili ya manowari ambazo yeye mwenyewe asingeishi kuziona. Alikueleza kwamba Waingereza walipoziteka frigeti za Wafaransa walizipima na kuziiga umbo, na kwamba ya kwake ni ya namna iliyoundwa Rochefort, miaka ile Ufaransa ilipowasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza.

Hakukuficha upande wa pili. Katika bandari hizo hizo wafungwa walifanya kazi wakiwa na minyororo miguuni. Na bendera iliyopepea juu ya frigeti hizo ndiyo iliyolinda visiwa vya Bourbon na Île de France, ambavyo leo ni Reunion na Morisi, visiwa vilivyolimwa na watu walionunuliwa Kilwa na Msumbiji. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyosemea misitu, akiendelea kusugua mti kwa msasa.

Mwezi wa tisa mwaka jana aliileta. Ilikuwa baada ya ibada, katika ukumbi wa kahawa, juu ya meza, imefunikwa turubai aliloishonea kwa kipimo chake. Alipolivua tulisogea karibu. Ilikuwa na urefu wa mtu mzima akinyoosha mikono, milingoti mitatu, kamba nyembamba kama nywele, matanga yamekunjwa juu ya foromali. Na pande zote mbili safu ya vidirisha, vifuniko vyake vimeinuliwa, na katika kila kidirisha mdomo wa mzinga mweusi.

Tukaanza kusifu, mmoja mmoja. Opio, mzee wa Kiganda aliyekuja huku akimkimbia Amin, alizunguka meza mikono nyuma, kisha akauliza tunataka kupigana na nani, na kama kwaya ya Jakobsberg ikikosea noti itapigwa kutoka upande wa kulia au wa kushoto. Watu wakacheka. Anthony hakucheka.

Anthony ni fundi umeme, mtu wa haki na wa saa. Nyanya wa nyanya yake alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa wakawekwa Freretown, ng'ambo ya Mombasa, na ukoo wao umelishika jina la mama huyo hata leo. Akaja karibu na meza.

“Mama Ella, hii ni manowari.”

“Ndiyo, Mwenyekiti.”

“Ya nani?”

“Ya mfalme wa Ufaransa.”

Alimuuliza kama anajua meli kama hizo zililinda biashara gani katika bahari yetu. Elvire akajibu kwamba anajua, akamtajia. Nadhani jibu hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mtu akikosea kwa kutojua unamsamehe na kumfundisha. Huyu alikuwa anajua, na bado alikaa miaka minne akiitengeneza, mzinga kwa mzinga.

“Basi unataka tumtundikie Mungu meli ya waliotuuza,” Anthony alisema. “Juu ya vichwa vyetu. Tukae chini yake tuimbe haleluya.”

“Yote unayosema ni kweli. Ndiyo maana ina mizinga.”

Mapendekezo yakamiminika. Mmoja alisema mizinga ing'olewe, mwingine bendera ibadilishwe iwe ya Uswidi, mwingine meli iandikwe jina la Amani kwa herufi za dhahabu. Mikael, aliyekuwa akimimina kahawa, aliulizwa maoni. Akasema kwa Kiswidi kwamba meli nyingi za makanisani huku zina mizinga na hakuna anayejali, lakini uamuzi ni wetu. Anthony alimjibu kwa Kiswidi kizuri kwamba hawajali kwa kuwa si wao walioelekezewa. Mikael akaiweka birika chini, akasema kwamba hilo ni kweli.

Pasta Dafrosa akatafuta njia ya katikati. Alipendekeza vifuniko vya vidirisha vifungwe tu. Mizinga ibaki ndani, hakuna kitakachovunjwa, na nje ionekane meli safi. “Mungu anajua imo,” alisema.

“Mungu anajua, Pasta,” Elvire alisema. “Sasa anayefichwa ni nani?”

Palepale palihitajika mtu wa kusema ndiyo au hapana. Hatukumpata. Tukafanya kosa letu, lile la watu wetu, ambalo tumelibeba kutoka nyumbani na kulivusha mipaka yote bila kukaguliwa: hatupendi kumkatalia mtu mbele ya wengine. Tulisema “tuliombee.” Pasta akatangaza kwamba meli itapanda Jumapili ya mavuno, na kuhusu vifuniko kila mmoja akaliombee jambo hilo. Tukasema amina. Elvire akaondoka akiamini kwamba maneno yake yamekubaliwa, kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Anthony naye akaondoka akiamini kwamba kikao kimekubali vifuniko vifungwe, kwa kuwa pendekezo la pasta ndilo lililosemwa mwisho. Amina moja ilibeba mambo mawili yasiyopatana, na sisi tukaenda kupanda treni na dhamiri zetu nyeupe.

Nyumbani Ella alimsema mama yake. Ella hajibu Kiswahili mara nyingi. Anakielewa chote, lakini Kiswidi ndicho kinachotangulia. “Mamma, bara stäng dem,” alisema. Vifunge tu. Ni vifuniko, havina uhai. Kwani ni bora ikae jikoni milele kuliko kupanda ikiwa imefungwa? Mama alipomkumbusha kwamba ni nadhiri, tena nadhiri iliyowekwa kwa ajili yake yeye, binti alibadilisha lugha.

“Basi mimi ndiye mwenyewe. Mimi naruhusu vifungwe.”

“Hukuahidi wewe. Ulikuwa kwenye kisanduku cha kioo.”

Ella alicheka bila kutaka. Kisha akamuuliza mama yake kwa upole kwa nini jambo hili lina nguvu hivi kwake. Elvire aliacha kukata vitunguu.

“Masista walinifundisha jina la kila kamba ya meli ile,” alisema. “Namba moja mpaka ya mwisho. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha mizinga ilielekezwa kwa nani. Nilijifunza mwenyewe, nimeshakuwa mtu mzima, nikaona haya kama mtu aliyeimba wimbo miaka yote bila kujua maneno yake. Sitamtundikia mtoto wa mtu picha nusu. Nilimwahidi Mungu kitu kizima.”

Basi jambo lilikuwa hilo. Akifunga vifuniko, meli inapanda na nadhiri imevunjika ikiwa juu. Asipofunga, huenda isipande kabisa. Hakulala njaa kwa hilo. Alimaliza vitunguu, akala. Lakini wiki hizo, Ella ananiambia, kila jioni alikuwa akiinua turubai, anatazama, anashusha.

Jumamosi kabla ya mavuno Mikael alikuja na gari lake, wakaipeleka meli kanisani na kuiweka juu ya meza katika chumba cha pasta. Mchana huo huo Anthony alifika kupanga viti na kutengeneza vipaza sauti, na funguo alikuwa nazo kama mwenyekiti. Aliingia chumbani na chupa ya gundi ya mbao. Akasukuma kila mzinga ndani kwa kidole, akashusha kila kifuniko, akakitia gundi, akakipangusa ukingo kwa kitambaa chenye maji ili isionekane hata tone. Hakujificha. Alimweleza mkewe alichofanya, na jioni akalala akiwa ametimiza uamuzi wa kikao. Mtu mwovu angefanya kazi chafu. Kazi ya Anthony ilikuwa safi, kwa sababu aliamini.

Jumapili kanisa lilijaa. Mbele walikaa Waswidi wenyeji wetu, wazee wengi wao, wamevaa vizuri. Kwaya iliongozwa na Proscovia, mama wa Kiganda mwenye mkono mzito kwenye ngoma. Vijana wanne waliibeba meli juu ya ubao wakaileta polepole kwenye njia ya katikati, na Elvire alitembea kando yake katika gauni la kitenge la buluu. Chini ya ndoana palikuwa na meza, na kamba imeshashushwa. Walipoitua meli mezani, turubai likavuliwa.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Niliuona uso wake ukibadilika, kisha nikaona mkono wake ukienda kwenye kifuniko cha kwanza, kikakataa. Akajaribu cha pili. Akazunguka upande wa pili wa meza, akajaribu huko. Akasimama wima.

“Nani?”

Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti cha kwaya kilikuwa wazi na neno likaenda mpaka mlangoni. Anthony alisimama mahali pake.

“Ni mimi. Kikao kilikubali.”

“Kikao kiliomba,” Elvire alisema. “Hakikukubali.”

Alifungua mkoba wake akatoa kisu kidogo cha kazini, cha kukatia nyuzi, alichokuja nacho kwa ajili ya kukata ncha za kamba meli ikishapanda. Akapiga magoti kwenye zulia la kanisa, macho yakawa sawa na ubavu wa meli, akaingiza ncha ya kisu kwenye ukingo wa kifuniko cha kwanza. Gundi ilikuwa haijakomaa. Ilikubali kwa shida. Kifuniko kikainuka. Akaingiza ukucha, akauvuta mzinga mpaka mdomo wake ukatoka nje. Akahamia cha pili.

Kwaya haikujua la kufanya, basi iliimba. Wimbo ukaisha, naye alikuwa hajafika katikati ya upande mmoja. Proscovia akaanzisha mwingine. Nao ukaisha. Wazee wa Kiswidi walikaa mikono magotini. Nadhani waliona ni sehemu ya desturi yetu, na mmoja wao alianza kutikisa kichwa kwa heshima kila kifuniko kilipofunguka. Ella alikuwa amejificha uso kwa mikono yote miwili, kisha akaushusha mmoja, kisha wa pili.

Anthony akaja mbele. Alisimama nyuma ya Elvire, akasema kwa sauti ya chini ambayo safu zetu za mbele tuliisikia.

“Mama Ella, unauaibisha ushirika mbele ya wageni.”

“Ushirika ulijiaibisha jana,” alijibu bila kugeuka. “Mimi nafungua tu.”

“Inuka, nakuomba. Tutaongea baadaye.”

“Baadaye ndiyo iliyotufikisha hapa, Baba.”

Anthony akamgeukia pasta, akamwambia amzuie. Wote tukamtazama Pasta Dafrosa. Ni mtu wa amani kupita kiasi, na wakati mwingine amani yake hutuchosha. Kisha akashuka madhabahuni akiwa na joho lake, akaenda upande wa pili wa meza, akaishika meli kwa mikono miwili isitikisike kisu kikifanya kazi. Akasema kwenye kipaza sauti kilichokuwa karibu:

“Aliye na haraka, chakula kipo ukumbini. Hapa kuna mtu anatimiza nadhiri, na nyumba hii itamsubiri.”

Hakuna aliyeinuka. Upande wa kwanza ukaisha. Elvire akahamia wa pili kwa magoti, bila kusimama, na pasta akahama naye. Kifuniko kimoja karibu na tezi kilikuwa kimenyonya gundi kupita vingine. Alipokibana kilitoa mlio mdogo, kikavunjika vipande viwili, kimoja kikaanguka kwenye zulia. Hapo ndipo alipotulia kwa mara ya kwanza. Tulijua wote alivyoahidi. Habari ya nadhiri ilikuwa imeshazunguka. Kitu kizima, bila kilema. Alikiokota kile kipande, akakitazama kwenye kiganja. Mimi nilidhani sasa atalia, na kwamba kila mtu atapata alichotaka.

Alikiweka kipande mkononi mwa Anthony.

“Hiki ni chako,” alisema. “Mungu ataona nani alikivunja. Kidirisha kitabaki wazi.”

Akaendelea mpaka cha mwisho. Kisha akainuka kwa kushika ukingo wa meza, akajipangusa magoti, akamwashiria Mikael aliyekuwa juu ya ngazi. Kamba ikakaza. Meli ikaondoka mezani, ikazunguka mara moja hewani kama inayotafuta njia, ikatulia, omo ukielekea msalaba. Wakati inapanda Anthony alitoka kwa mlango wa pembeni, na familia kadhaa zikamfuata. Simlaumu kwa kutoka. Mtu anayeondoka kwa dhamiri yake namheshimu kuliko anayebaki kwa sababu ya pilau.

Watu wamenieleza tangu hapo kwamba Elvire alikosa adabu. Wanasema angeweza kunyamaza ibada ipite, kisha avifungue vifuniko siku nyingine, polepole, bila kumuudhi mtu. Nawajibu kwamba hiyo ndiyo adabu iliyotulea na ndiyo inayotuoza. Tumezoea kuita amani kila kitu kilichofunikwa. Wanangu na wa wenzangu wanajifunza hapa, katika shule za nchi hii, kuhusu wafalme na meli nzuri, na wanarudi nyumbani kutuuliza sisi tulikuwa wapi. Tukiwapa meli iliyofungwa vidirisha, hawatauliza. Na mtu asiyeuliza ni rahisi kuuzwa tena.

Lakini pia nawajibu wale wanaomcheka Anthony. Alikuwa na haki ya kuichukia meli ile, na Elvire mwenyewe hajawahi kusema vinginevyo. Walichotofautiana ni kama kinachochukiwa kionekane.

Ilichukua muda watu kuzoea. Meli haikutundikwa juu sana, na mizinga inaelekea kwenye mabenchi, kushoto na kulia. Jumapili za kwanza safu zilizo sawa nayo zilibaki tupu. Watu walibanana mbele na nyuma kama abiria wanaokwepa dirisha linalovuja. Opio peke yake alikaa katikati, akisema katika umri wake hata mzinga ungemwonea aibu. Anthony alisali na ushirika mwingine upande wa Tensta. Tulichagua mwenyekiti wa muda. Elvire aliendelea kushona maturubai, na alipoulizwa kama atamwomba radhi mwenyekiti alisema ataomba radhi siku atakapokosea.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki chache kabla ya Krismasi, kanisa lilijaa tena, mishumaa kila dirisha. Anthony akaingia na mkewe. Palikuwa na nafasi nyuma, na palikuwa na nafasi katika benchi lililo sawa kabisa na mizinga ya upande wa kulia. Akatembea mpaka kwenye benchi hilo, akakaa. Mahubiri yote hakumtazama pasta. Alitazama juu, mzinga kwa mzinga, mpaka kwenye kidirisha kile kisicho na kifuniko, na hapo akakaa muda mrefu.

Ukumbini, wakati wa kahawa, alikwenda moja kwa moja alipokuwa Elvire. Watu wakapunguza sauti. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto kama inavyopasa.

“Bado naikataa ile meli, Mama Ella,” Anthony alisema. “Nataka ujue.”

“Ikatae, Baba,” Elvire alisema, akamsogezea sahani ya mandazi. “Lakini ukae pale pale.”